RIPITA YA MTUMBA: USIINGIE MKENGE KAMA MIMI

Hapa ni Mpanda, makao makuu ya mkoa wetu wa Katavi uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Tangu nilipogusia habari za simu za upepo, kuna watu kila wakinikuta stendi wananiuliza maswali yale yale: ripita ni kitu gani, vifaa vyake unavipata wapi, na je ni kweli ya kwako iliungua? Leo nawajibu wote kwa mpigo. Ni ndefu kidogo, kwa hiyo wewe uliyelipia nusu saa hapo kafe iweke kwenye flashi ukaisome nyumbani.

Kwanza neno lenyewe. Kama vile kuna ngumi za kulipwa na ngumi za ridhaa, na redio nazo ziko hivyo. Redio ya ridhaa ni ya mtu anayefanya kwa kupenda: kujifunza, kuwasiliana na wenzake, kusaidia kukitokea janga. Biashara hairuhusiwi. Huwezi kuitumia kuita bodaboda wako wala kuulizia bei ya mpunga Mwamapuli. Kila mwenye leseni anapewa jina lake la hewani. Sisi Tanzania jina linaanza na 5H, Kenya ni 5Z, Uganda 5X, Burundi 9U, Kongo 9Q. Enzi za mkoloni Tanganyika ilikuwa VQ3 na Zanzibar VQ1, ukikutana na kadi za zamani za mawasiliano ndivyo utakavyoona zimeandikwa.

Sasa ripita. Chukua redio mbili za mkononi, watu wawili wamesimama tambarare kabisa. Masafa ya VHF hayapindi sana kufuata mviringo wa dunia, kwa hiyo kila mmoja anaona upeo wake tu. Hesabu yake ni rahisi: chukua kipeuo cha pili cha urefu wa antena kwa mita, zidisha kwa 4.12, unapata kilomita. Antena iko usawa wa kifua, mita 1.5, inakupa kilomita 5. Wawili, kilomita 10, tena kama hakuna miti. Ukiweka antena kwenye mnara wa mita 30, huo mnara unaona kilomita 22 na ushee, ongeza 5 za mwenye redio ya mkononi, jumla 27. Kutoka hapa mjini kwenda Sitalike, lango la Hifadhi ya Katavi, ni kama kilomita 35. Umeshaona? Mnara wa mita 30 wa gharama kubwa haufiki hata Sitalike kwa hesabu ya tambarare. Lakini ukipanda kilima kilicho mita 200 juu ya nchi inayokizunguka, antena ya kawaida tu hapo juu inaona kilomita 58, na 5 za mwenzako, 63. Ndiyo maana ripita inakaa mlimani, na ndiyo maana sisi wa huku tunaoyatazama yale milima ya Mwese kila siku tunaumia roho.

Kazi ya ripita ni kusikia kwenye masafa moja na wakati huo huo kurusha ilichosikia kwenye masafa mengine. Kwa ridhaa, ukanda wetu huu wa dunia VHF ni megahezi 144 mpaka 146, na kawaida tofauti kati ya kusikia na kurusha ni megahezi 0.6. Mfano inasikia 145.000, inarusha 145.600. Shikilia hiyo 0.6, maana ndiyo iliyonila hela yangu.

Tatizo ni hili. Antena ni moja, redio mbili. Moja inapiga kelele kwa wati 25, nyingine pale pale pembeni inajaribu kusikia mnong'ono wa mtu aliyeko kilomita 50. Redio nzuri inasikia hata sehemu ya robo ya mikrovolti. Ukigawanya ile wati 25 kwa nguvu ya huo mnong'ono unapata milioni 20 zidisha bilioni 1. Ni kama kumwambia mtu asikilize saa ya mkononi inavyotikitiki huku amesimama mbele ya spika za muziki wa harusi. Bila kizuizi katikati, ripita inakuwa kiziwi: inarusha vizuri, watu wote wanaisikia, ila yenyewe haisikii mtu. Mafundi wengi wanadhani redio ya kusikilizia ni mbovu wanaanza kuifungua. Redio nzima!

Hicho kizuizi ndicho kinaitwa dupleksa. Ni mikebe ya chuma iliyounganishwa, upande mmoja unapitisha masafa ya kurusha na kuzuia ya kusikia, upande wa pili kinyume chake. Kwa tofauti ya 0.6 na wati 25 unahitaji kizuizi cha desibeli 85 hadi 90 hivi. Kwa asiyejua desibeli: 10 ni mara kumi, 20 ni mara mia, 30 ni mara elfu, na kuendelea. 90 ni mara bilioni moja.

HAYA, VIFAA VINATOKA WAPI

Dukani mpya sahau. Ripita mpya ya kampuni na dupleksa yake ni bei ya pikipiki, na ukitafuta zaidi ni bei ya kiwanja. Huku kwetu mtumba una njia zake. Mkoa huu ulijaa simu za upepo kwa miaka mingi: kwenye hifadhi, kwenye kambi za uwindaji, migodini, na kwenye mashirika ya misaada yaliyohudumia Katumba na Mishamo, makazi ya ndugu zetu waliokimbia Burundi mwaka 1972, ambao wengi wao leo ni raia wenzetu. Mitandao ya simu ilipoingia na ofisi zilipofungwa, vifaa vikaenda mnadani, vingine vikaishia stoo, vingine kwa wanunuzi wa vyuma chakavu kwa kilo. Kwa kilo jamani! Nimewahi kuona redio ya gari ya Motorola GM300 imewekwa kwenye mizani pamoja na sufuria.

Mnada wa hadhara ndio njia safi kuliko zote, maana unapata risiti. Vyuma chakavu ndiyo njia rahisi, na ndiyo ya hatari. Dar kuna Kariakoo na Gerezani, na kuna wanaoagiza kutoka Dubai au kwenye mtandao kupitia posta. Ila kuagiza redio nje si kama kuagiza viatu. Kifaa chochote cha kurusha mawimbi kiko chini ya TCRA, mamlaka iliyoanza kazi mwaka 2003, na Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inataka kifaa kiwe kimethibitishwa na masafa yawe na leseni. Ripita ni zaidi ya redio ya mkononi, masafa yake mnapangiwa, hamjichagulii. Ulizeni kabla ya kulipa. Kuna pia chama, Tanzania Amateur Radio Club, kwa wanaotaka kuanza na watu.

Jambo moja nalisema kwa herufi kubwa: USINUNUE REDIO YENYE ALAMA YA TAASISI BILA KARATASI. Ukikuta stika ya hifadhi, polisi au shirika, na muuzaji anasema "we chukua tu kijana, hii haina shida", rudisha. Redio hizo zina namba ya kiwandani, na mara nyingi ndani bado zina masafa ya wenyewe. Ukibonyeza kitufe tu umeingia kwenye mazungumzo ya askari wa wanyamapori. Hapo hutajieleza.

Sasa aina gani? Kwa pesa ndogo mimi napenda hizo GM300 na wadogo zake GM340, kwa sababu zimetapakaa na mafundi wanazijua. Ripita ndogo ya Motorola GR300 yenyewe ndani ni GM300 mbili tu zimewekwa kwenye boksi moja, kwa hiyo na wewe ukipata mbili nzima umeshapata nusu ya ripita. Angalia kibandiko: GM300 za VHF zilikuja kwa vipande, kuna ya 136 mpaka 162 na kuna ya 146 mpaka 174. Hiyo ya pili kwa 145 utahangaika nayo, achana nayo. GM340 inakwenda 136 mpaka 174 yote, haina maneno.

GM300 ina ugomvi mmoja. Programu ya kuiwekea masafa ni ya zama za DOS, inataka kompyuta ya kizamani yenye tundu la siriali na kiboksi cha kuunganishia. Kompyuta mpya inaweza hata kuiharibu. Kwa hiyo ile kompyuta nyeupe iliyogeuka njano, inayotumika kafe kuzuia mlango usijifunge, mwombe mwenye kafe akuuzie. Sitanii.

Na redio za HF, zile Codan za Australia zenye antena ndefu nene kwenye bampa la Land Cruiser, ni redio nzuri mno lakini si za ripita ya VHF. HF inaruka mbali kwa kurudishwa na tabaka la juu la anga. Wauzaji wanazichanganya, wanakwambia "hii ndiyo yenyewe, inafika mpaka Geneva". Inafika kweli, ila siyo unayoitafuta.

Ukiwa pale kwa muuzaji: omba betri ya gari, washa, sikiliza kama spika inatoa ule mvumo ukifungua skwelchi. Inusa. Redio iliyoungua haifichi harufu. Usikubali muuzaji abonyeze kurusha bila antena wala mzigo bandia, akikuonyesha kwamba "taa inawaka". Hapo ndipo anapoiua mbele yako halafu anakuuzia.

NILIVYOLIWA

Mimi ni wa kidato cha nne tu, fizikia nilipata C, nikajiona najua. Nilikuwa nimeshapata GM300 mbili za mnadani. Imebaki dupleksa. Jamaa mmoja wa vyuma chakavu, jina namfichia, akanipigia: ninayo, VHF, haijatumika. Bei 180,000. Hiyo hela nilikuwa nimeikusanya miezi minne kwa kuchapa barua za watu na kuandika habari za kulipwa kidogo kidogo. Nikaenda, nikakuta boksi safi la chuma, ukubwa wa kamusi, plagi tatu, limeandikwa VHF. Nikalipa.

Usiku ule ule nikaunganisha. Sikurusha hewani, leseni nilikuwa bado naifuatilia, mwisho wa antena nikaweka mzigo bandia. Nikabonyeza. Dakika ya nne nikasikia ile harufu. Redio ya kurusha ikawa jiwe.

Asubuhi nikambebea fundi mmoja mzee wa hapa mjini, aliyewahi kutunza redio za mashirika.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umekuja na msiba gani?"

Akalitazama boksi bila hata kulifungua. Akauliza, "Urefu wake kiasi gani?" Nikaonyesha kwa mkono. Akacheka mpaka akakohoa. Akaniambia nichukue kalamu: 300 gawanya kwa 145, unapata mita 2 na kidogo, huo ndio urefu wa wimbi. Robo yake ni sentimita 51 na ushee. Mkebe wa kweli wa kutenganisha masafa yaliyokaribiana hivyo una kijiti ndani cha robo ya wimbi, kwa hiyo ni lazima uwe mrefu kupita nusu mita, na mnene, na iko minne au sita. "Wewe umenunua kamusi," akasema.

Kumbe zile ndogo zipo kwa kazi yake halali. Kampuni binafsi na ofisi hupangiwa masafa ya kusikia na kurusha yaliyoachana, kama megahezi 5 hivi, na hapo kamusi inatosha kabisa. Kwa 0.6 haiwezi hata uizungushe skrubu mpaka zikatike. Nguvu yangu ilishindwa kupita, ikarudi kwenye redio, redio ikapikika. Muuzaji hakunidanganya, ni VHF kweli. Mimi ndiye sikuuliza swali.

Kwa hiyo ukienda kutafuta, nenda na rula. Tena kuna njia mbili za kukwepa mikebe mikubwa. Moja ni kwenda UHF, megahezi 430 mpaka 440, ambako nchi nyingine wanatumia tofauti ya 7.6, na kamusi ya UHF inaweza kutosha, ila hakikisha inashuka mpaka huko maana nyingi zimetengenezwa kwa 450 kwenda juu. Ya pili ni antena mbili kwenye mnara mmoja, moja juu na moja chini, wima kabisa. Zikiachana mita 10 unapata kizuizi cha desibeli 55 hivi, mita 20 kama 67. Haitoshi peke yake, lakini ukiongeza mkebe mmoja mmoja mkubwa kila upande, wenye kuzuia 25 mpaka 30, umefika. Mikebe miwili ni rahisi kuipata kuliko sita.

KUISETI

Zamani hii kazi ilitaka mashine ya mamilioni. Siku hizi kuna kidude kinaitwa NanoVNA, kinaingia mfukoni, bei yake chini ya dola 100, kinakuchorea kabisa mstari wa mkebe unapitisha wapi na unazuia wapi. Mzee alikuwa anakidharau, sasa kila nikienda anakiulizia.

Kiseti kwanza kionyeshe 144 mpaka 147 na ukisawazishe na plagi zake kabla ya kugusa kitu. Halafu fungua mkebe mmoja mmoja, usijaribu kuuseti wote ukiwa umeunganishwa. Sababu ni kwamba kidude kile hakioni chini ya desibeli 70 hivi, ukikipa dupleksa nzima yenye 90 utaona mstari unacheza kwenye majani tu. Mkebe mmoja unazuia kama 30, hapo unauona vizuri. Kile kijiti kirefu cha juu kinasogeza sehemu ya kupitisha. Skrubu ndogo ya pembeni ndiyo ya kuzuia. Upande wa kurusha: pitisha 145.600, zuia 145.000. Upande wa kusikia geuza. Ukisogeza kimoja kingine nacho kinahama kidogo, kwa hiyo unarudia mara tatu nne mpaka vitulie. Kaza nati, uangalie tena, maana kukaza nako kunahamisha. Usiharakishe, na usifanye juani halafu ukategemea usiku iwe vile vile. Chuma kinatanuka.

Zile waya fupi kati ya mkebe na mkebe zimekatwa kwa kipimo. Usibadilishe hata moja kwa sababu imechakaa, ukaweka uliyonayo. Na waya wa antena ya TV usiuingize hapa kabisa, ule ni omu 75, hii kazi ni 50, tena una nyavu nyepesi, mawimbi yanavuja kutoka waya hadi waya na kizuizi chako chote kinakuwa bure. Tafuta RG-214 au RG-223 yenye nyavu mbili.

Ukiunganisha yote, pima wati zinazoingia na zinazotoka. Dupleksa inayokula desibeli 1.5 ni ya kawaida: unaingiza 25 unatoa 18. Ikila nusu, rudi nyuma.

Halafu mtihani wa uziwi. Mwambie rafiki mwenye leseni aondoke na redio ya mkononi kwa nguvu ndogo mpaka umsikie kwa shida, amejaa mvumo. Zima upande wa kurusha, msikilize. Washa, msikilize. Kama sauti ni ile ile, umemaliza. Akipotea pale unapowasha, bado kuna kiziwi. Na kabla hujarudi kwenye mikebe angalia kutu kwenye boriti za mnara na plagi zilizolegea, hizo nazo zinazaa kelele.

Redio ya gari haikutengenezwa kurusha mfululizo. Ishushe mpaka wati 10 au 15, funga feni, weka kikomo cha dakika tatu. Weka na toni ya CTCSS ili isijifungue kwa kila mlio wa ovyo.

Umeme je? Mpanda kwa miaka mingi tuliishi kwa majenereta ya dizeli, na mlimani hata hilo halipo, ni sola. Watu wanahesabu wati za kurusha wakasahau usingizi. Redio mbili zikikaa tu bila mtu kuongea zinakula kama ampea 0.6, kwa saa 24 ni 14. Maongezi ya saa mbili kwa ampea 5 ni 10 tu! Jumla 24 na kitu kwa siku. Betri ya ampea 100 ukiitumia nusu inakupa siku mbili za mawingu. Paneli kwa jua la saa tano hesabu inasema wati 65 zinatosha, lakini kati ya Novemba na Aprili huku mvua haina utani, weka 150. Na waya wa radi mpaka ardhini kabla ya kitu kingine chochote.

Mimi nilipofikia: redio iliyoungua imebadilishwa transista, inatoa wati 20. Mikebe miwili mikubwa imepatikana, imechubuka rangi lakini ndani inang'aa, mzee amenisaidia kuiseti moja, ya pili nimeiseti mwenyewe. Maombi ya leseni yako mezani kwa wahusika. Ile kamusi iko chini ya kitanda. Kuna mtu wa ofisi moja yenye masafa yaliyoachana megahezi 5 ameiulizia, nimemwambia kila kitu kilichotokea, ametaja 60,000. Nimekubali, anakuja Jumamosi na rula yake.